Uzito wa Arvo kwenye Ekseli ya Nyuma

Kwa miaka ishirini na mitatu niligombana na Arvo Kettunen juu ya matairi, na inaniuma kusema kwamba alikufa kabla sijamshinda. Mimi ni fundi matairi. Karakana yangu iko chini kabisa ya Kilima cha Ojala, mahali ambapo kila anayeshuka vibaya huishia mlangoni kwangu, na kila anayeshindwa kupanda hurudi kinyumenyume mpaka kwenye pipa langu la majivu. Arvo hakuwahi kurudi kinyumenyume. Alipanda kilima kile kila siku ya baridi kwa pikapu ndogo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, akiwa na matairi ya kawaida ya kiangazi na kiburi cha kutosha kijiji kizima, na alipofika juu alipiga honi mara mbili ili nisikie. Siri yake, kama ni siri, ilikuwa magunia saba ya mchanga aliyoyalaza nyuma ya pikapu, juu ya ekseli.

"Uzito, Verner," alikuwa akiniambia. "Gari likiwa zito nyuma linashika. Matairi yako ya theluji ni biashara yako tu."

Lakini ninayetaka kumweleza hapa si Arvo, ni mkewe Saima, na ule msimu wa baridi ambao nyumba yake nzima ilitegemea kama pikapu ile ingepanda au isingepanda.

Saima alikuwa na miaka sitini na tisa. Mfupi, mabega mapana, mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe miaka thelathini, na mdomo ambao haukuwahi kumsifia mtu akiwa bado hai. Kila Ijumaa alioka mkate wa iliki, na Jumamosi asubuhi alishuka nao kilimani kuwagawia watu kumi na wawili. Alisema anawapelekea wazee. Wanne kati yao walikuwa wadogo kwake.

Mwaka ule Arvo alipofariki, baridi ya kwanza ya ujane wake, Saima aliserereka kwenye Kona ya Masanduku, pale katikati ya kilima ambapo masanduku yetu yote ya barua yamepangwa mstari mmoja. Pikapu iliingia mtaroni. Ilikuwa siku ya dhoruba na hakuna aliyetoka nyumbani. Alikaa humo masaa manne, amejifunika gunia la mikate, mpaka greda la kukwangua theluji lilipopita likamvuta. Mwanawe wa pekee, Rodney, anaishi mjini Green Bay, mahali barabara zimenyooka na zinamwagiwa chumvi kabla hata wingu halijatokea. Alipopata habari alikuja mbio, akapanda juu, akashuka, akanuna, akarudi zake.

Oktoba iliyofuata alikuja tena, na safari hii alizungumza mbele ya watu, kwenye kahawa baada ya ibada.

"Mama, hama. Nina chumba. Nina gereji yenye joto."

"Gereji nitafanya nini nayo? Nilale humo?"

"Sicheki, Mama."

"Mimi pia sicheki. Nina nyumba, nina sauna, nina miti ya baba yako. Niende nikakae kwenye zulia lako niangalie ukuta?"

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe Rodney akasema jambo ambalo nadhani hata yeye hakulipanga. "Sawa. Msimu huu ukipita bila gari lako kuvutwa na mtu, sisemi tena maisha yangu yote. Lakini ukivutwa, hata mara moja, tunauza nyumba na unakuja kwangu."

Saima akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono. Wakashikana. Huku kwetu mkono ukishashikwa mbele ya sufuria ya kahawa ya kanisani, hakuna anayehitaji wakili. Watu wakaanza kula biskuti kwa sauti ndogo. Nyumba ile Arvo aliijenga kwa mikono yake, na sasa ilikuwa imewekwa rehani kwa kamba ya kuvutia gari.

Wiki mbili baadaye Saima aliingia karakanani kwangu. Alisimama mlangoni akakung'uta viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Niambie kuhusu haya matairi yako," akasema.

Nakiri moyo wangu uliruka. Miaka ishirini na mitatu! Nikamvutia kiti. Nikamwekea matairi mawili mbele yake, la kawaida na la theluji, nikamwambia ayabonyeze kwa dole gumba. Yalikuwa yamelala nje tangu jana. La kawaida lilikuwa gumu kama kipande cha sabuni kilichosahaulika dirishani. La theluji lilibonyea.

"Mpira wa kawaida ukipata baridi unakuwa mgumu," nikamwambia. "Hata kashata, haya meno ya tairi, zikiwa mpya, ni bure, zinateleza juu tu. Huu mwingine unabaki laini. Na ona kashata zake zilivyokatwakatwa, kila mkato unauma theluji kidogo."

"Na mchanga?"

"Mchanga ni mzuri. Sijawahi kusema mchanga ni mbaya. Nilisema mchanga peke yake ni ujinga."

"Ulisema hivyo mbele ya Arvo?"

"Kila Novemba."

Akacheka kidogo. Ndipo akanieleza kwamba mchanga wenyewe haupo. Arvo alikuwa akiukausha kila vuli juu ya jiko la sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, kabla ya kuujaza magunia, kwa sababu mchanga mbichi ukiganda unakuwa jiwe, na siku ukikwama huwezi kuumwaga chini ya gurudumu. Panya walikuwa wametoboa magunia ghalani, mchanga ukamwagika, ukalowa, ukashikana na sakafu. Na hata kama ungekuwepo, kila gunia lilikuwa kilo thelathini, na bega lake la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji.

"Nitakuja nikupakilie," nikasema.

"Nimekuita?"

"Hujaniita, lakini—"

"Basi."

Einar Salo ana duka, anauza mchanga mkavu kwenye mifuko. Nikamtajia Saima. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia anunue hewa. Ziwa zima liko pale, ufuo wake umejaa mchanga, halafu mtu mzima atoe pesa? Watu wetu ndivyo walivyo. Mimi mwenyewe sijawahi kununua mchanga.

Nilimwambia achukue matairi manne. Akataka mawili, ya nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kunakosukuma. Ya mbele ya Arvo bado yalikuwa na kashata, akasema, hayana kosa. Nikamweleza mara tatu, ya tatu kwa kupiga kelele, kwamba magurudumu ya nyuma yanakupeleka, ya mbele ndiyo yanayoamua unakwenda wapi. Naye akanieleza mara moja tu kwamba yeye ndiye mteja. Nikamfungia mawili. Nilikaza nati zile nikiwa na hasira na nilijua nafanya kosa, na hilo nalibeba mpaka leo.

Theluji ilishuka kama kawaida yake, yaani bila adabu. Kufikia katikati ya Desemba masanduku ya barua yalikuwa yamebaki vichwa tu. Jumamosi ya kwanza Saima alishuka, akagawa mikate, akapanda. Nilisimama dirishani na kikombe mkononi. Pikapu ilitikisa makalio kidogo kwenye kona, ikashika, ikaendelea. Nyuma ilikuwa imejaa theluji mpaka kwenye kioo.

Ndiyo, theluji. Alikuwa ameijaza kwa beleshi, kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo tangu asubuhi. Ukimcheka, usitake na mimi nimcheke. Nusu ya watu wa huku wamewahi kufanya hivyo. Ni uzito wa bure, umelala mlangoni, na baridi ikiisha unajiondoa wenyewe bila kusumbua mtu. Ubaya ni mmoja tu, nao kila mtu anaujua na kila mtu anausahau.

Ubaya huo ulikuja wiki ya tatu ya Januari. Siku mbili za joto, mvua juu ya theluji, paa zikidondosha maji. Theluji nyuma ya pikapu ya Saima ilinyonya mvua ikawa uji. Na kwa kuwa huegesha gari mbele ya sauna, mahali penye mwinuko, pua ikiangalia juu, uji wote ule ulijisogeza taratibu mpaka kwenye mlango wa nyuma wa bodi. Ijumaa jioni baridi ilirudi kwa nguvu. Jumamosi asubuhi alikuwa na bonge la barafu la ukubwa wa friji, limekaa nyuma kabisa, mbali na ekseli. Uzito ukikaa juu ya ekseli unabana magurudumu chini. Ukikaa nyuma yake unafanya kazi ya mtoto mnene kwenye bembea ya ubao: unainua upande wa pili. Pua ya pikapu ilikuwa inaelea, na chini ya pua ile kulikuwa na matairi ya kiangazi ya Arvo.

Saa nne asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa Lois, anayesambaza barua.

"Verner, mama Saima yuko kwenye kona. Kakata usukani, gari limenyooka tu, limeingia ukingoni. Mzima, ananitukana. Njoo na majivu."

Nilipanda na ndoo mbili za majivu. Nilipofika, Lois alikuwa pale, Einar wa dukani alikuwa pale, na ndugu wawili wa Tervo, ambao nadhani hunusa gari lililokwama kutoka kilomita tano. Kumpita mtu aliyekwama huku kwetu ni jambo litakalotajwa mpaka kwenye mazishi yako. Pikapu ilikuwa imezamisha uso kwenye ukingo wa theluji, gurudumu la nyuma la kulia likiwa limening'inia ukingoni mwa mtaro. Einar tayari alikuwa amepiga goti na kamba mkononi.

"Irudishe garini," Saima akasema.

"Dakika mbili tu, Saima. Navuta, tunaenda kunywa kahawa."

"Einar Salo, ukifunga kamba hiyo kwenye gari langu umeniuzia nyumba."

Einar akaiangalia kamba kana kwamba imemgeukia nyoka. Akainuka. Akaikunja polepole, akaenda kuirudisha. Tukabaki tumesimama, watu wazima watano waliolelewa tangu utotoni kuvuta magari, na gari liko mbele yetu, na hatuna ruhusa. Sijawahi kuona watu wasiojua mikono yao waiweke wapi namna ile. Mmoja wa akina Tervo alitoa chupa ya kahawa akammiminia kila mtu, kwa kukosa la kufanya.

Saima alichukua beleshi akaanza kuchimba kwa mkono wake mmoja mzima. Tulivumilia labda dakika tatu.

"Mama Saima," akasema Tervo mkubwa, kwa heshima sana. "Na kuchimba je?"

Akasimama kupumua. Alikuwa amewiva uso, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ameogopa. "Kuchimba hakukutajwa," akasema.

Ah! Tulivamia ukingo ule kana kwamba kuna dhahabu ndani yake. Lois alichimba mbele, akina Tervo pembeni, mimi na Einar tukafungua mlango wa nyuma tukaanza kulipasua lile friji la barafu kwa shoka. Nilitukana kila pigo. Nilijitukana mimi kwa yale matairi mawili, nikamtukana Arvo kwa kufa, nikamtukana hata panya. Tukatupa barafu yote mtaroni. Nikamwaga majivu mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikayapunguza upepo kidogo ili yalale na kushika zaidi. Saima akaingia ndani, akaweka gia ya kurudi nyuma, akaachia klachi.

Magurudumu yakazunguka. Majivu yakaruka, tukawa weusi wote. Gari halikusogea.

Sababu niliijua kabla hajazima injini. Tulikuwa tumeondoa uzito mbaya, lakini sasa hapakuwa na uzito wowote. Nyuma palikuwa patupu, pepesi kama sanduku la viatu. Nikapiga mkono wangu juu ya ekseli.

"Hapa panatakiwa kilo mia mbili," nikasema. "Hata zaidi. Hapa hasa, wala si penginepo. Ingekuwa na ule mchanga wa Arvo tungekuwa tumeshaondoka."

Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi. Kisha Saima akatoa kichwa dirishani akatukagua mmoja mmoja, kama alivyokuwa akikagua ng'ombe kwenye mnada. Macho yakamtulia Einar, ambaye ana kilo mia na thelathini siku ambazo hajala.

"Einar," akasema. "Panda."

"Nipande wapi?"

"Nyuma. Na nyie wote. Kaeni pale anapoonyesha Verner. Kukaa nako hakukutajwa."

Akapanda Einar, pikapu ikashuka vizuri kabisa. Wakapanda akina Tervo. Akapanda Lois, na mkoba wake wa barua kifuani. Nilipanda mwisho, nikiwa nimenuna, nikakaa juu ya ekseli ya Arvo Kettunen kama gunia lake la nane. Tukashikana mabega.

"Gia ile ile, na mguu wenye usingizi!" nikapiga kelele.

"Nimeendesha gari hili kabla hujaota ndevu!" akajibu.

Tulisikia matairi mawili ya theluji yakiuma. Polepole, kwa mlio wa kutafuna, pikapu ikarudi nyuma, ikapanda majivu, ikaliacha tuta la theluji, ikasimama barabarani kwa magurudumu yote manne. Tukapiga kelele kama watoto. Saima hakungoja tushuke. Kwenye kilima kile ukishapata mwendo husimami, hilo hata mwanafunzi wa udereva analijua. Akaweka gia ya pili akashuka nasi mpaka karakanani kwangu, sisi watano tukiwa nyuma tumeganda masharubu, magari yetu tukiwa tumeyaacha juu na la Lois likiwa linaunguruma bado.

Ndani ya karakana aliketi kwenye kile kiti, akaomba simu.

"Unampigia nani?"

"Rodney."

"Kwa nini?" Einar akalia. "Hukuvutwa! Wala kusukumwa hukusukumwa! Sisi wote mashahidi!"

"Ndiyo maana nampigia. Ningevutwa, angesikia kwa watu."

Akamweleza kila kitu, barafu, kona, shoka, na sisi nyuma kama mizigo. Hakupunguza neno. Halafu akasikiliza upande wa pili. "Haya," akasema mwishoni, akakata. "Anakuja Jumamosi."

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimeshateremsha matairi mengine mawili kutoka kwenye rafu, saizi ile ile, nikayaweka mbele yake. Zawadi, nikamwambia, kosa langu lile. Akayagusa kwa dole gumba, akayabonyeza.

"Ya nini," akasema, "kama nahama?"

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilikuwa na hasira na Rodney kana kwamba ameshafanya tayari. Nilimpangia maneno. Jumamosi saa sita mchana niliona gari lake kubwa likiingia uani kwangu, limefunikwa turubai nyuma, limejaa, limeshuka matako. Nikajua ni maboksi. Amekuja na maboksi ya kumpakia mama yake kabla hata ya kumsalimia. Saima alikuwa ndani kwangu, ameshagawa mikate, amevaa koti lake la kanisani. Alilitazama turubai lile kupitia dirishani akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

Tukatoka nje. Rodney alishuka, mrefu kama baba yake, akabaki ameshika mlango.

"Mama."

"Umekuja na maboksi."

"Sikuja na maboksi."

"Nimeona."

"Hujaona." Akaja nyuma, akafungua kamba za turubai kwa shida, akalifunua.

Mwanzoni sikuelewa. Ilikuwa miguu. Miguu ya suruali, ya bluu na ya kijivu na ya kahawia, imejazwa ikanenepa, imeshonwa juu na chini kwa uzi mnene wa kuvulia samaki. Ishirini. Baada ya mazishi Saima alikuwa amempa mwanawe nguo zote za Arvo, mifuko miwili, kwa kuwa hakuweza kuziangalia. Nilidhani Rodney alizigawa zamani.

"Kila mmoja ni kilo kumi," Rodney akasema. "Nimepima. Ni mchanga mkavu, niliukausha kwenye ile gereji yenye joto. Kwa bega lako, nilifikiri... kilo kumi unaweza."

Saima alisogea akashika mshono mmoja akauvuta.

"Umeanza lini hii?" akauliza.

"Desemba. Uliponiambia kwenye simu unapakia theluji. Nilitaka nilete Krismasi, lakini nashona polepole." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Mama, sitakudanganya. Kuna siku nilikuwa naomba uvutwe. Kabisa. Halafu nakwenda gerejini nashona. Sijui nilikuwa upande gani."

"Na leo uko upande gani?"

"Mimi sikuogopa mtaro. Niliogopa yale masaa manne. Wewe umekaa mle, baridi ile, na mimi niko kazini nacheka na watu, sina habari. Hilo ndilo linaniua." Akageuka kunitazama, mimi niliyekuwa nimempangia maneno. "Jumamosi ile ilichukua muda gani kabla mtu hajafika?"

"Lois alikuwa nyuma yake," nikasema. "Hata injini haikupoa."

"Na wengine?"

"Ndani ya robo saa tulikuwa watano. Tungekuwa kumi, ila Einar anahesabika wawili."

Rodney akacheka, na kucheka kule kukamgeuka katikati, akalia. Saima akamshika kola, akamwinamisha mpaka paji la uso wake likafika begani kwake, lile bega zima. Nikaenda kutafuta jeki.

Nilimfungia matairi mawili ya mbele, na Rodney akakaza nati mwenyewe. Kisha tukaanza kupakia. Saima alisimama kwenye mlango wa nyuma wa pikapu akitoa amri.

"Huu mshono ni wa nini? Umeshona kama mtu anayefunga gunia la viazi."

"Ni magunia, Mama."

"Hata gunia lina heshima yake. Sogeza mbele. Mbele! Verner, mwonyeshe ekseli iko wapi."

Nikamwonyesha. Kumi na tisa tuliipanga safu mbili, ikafunga vizuri, juu ya ekseli hasa, kama alivyokuwa akipanga mwenyewe marehemu. Ukabaki mguu mmoja ndani ya gari la Rodney, wa suruali ya kazi ya kahawia, yenye kiraka gotini. Saima akamzuia Rodney kwa kiwiko. Kiraka kile alikishona yeye, kwa mikono yake. Lilikuwa goti la kushoto la Arvo, lile bovu, alilokuwa akilipiga chini kila alipokagua gurudumu. Akaunyanyua mguu ule mwenyewe, kwa mkono wa bega lililopasuliwa, kilo zote kumi, akaulaza katikati kabisa ya safu.

"Kaa hapo," akauambia.

Akaingia kwenye pikapu. Rodney akaingia upande wa pili na mkate mapajani. Mimi nilibaki uani na jeki mkononi, nikiwaangalia wanapanda. Hakuna gurudumu lililozunguka bure. Kwenye Kona ya Masanduku, pua iligeuka pale pale alipoigeuza, na taa za nyuma zikapotea juu ya kilima.

Nikangoja. Baada ya muda nikasikia honi, mara mbili, kama zamani. Arvo, mjinga yule, amenishinda hata akiwa kaburini, nikasema. Nikaokota spana zangu niingie ndani. Nilikuwa nimeshashika mlango ndipo ikalia tena, mara ya tatu, fupi, na najua kabisa kwamba hiyo ilikuwa ya matairi yangu.